Nilifuata maua ya plastiki Yiwu, nikakwama kwenye bustani za Suzhou (uzi mrefu, njoo na chai)

Mama_Mapambo:

Wakuu, habari za jioni.

Mnaonifahamu humu mnajua mie ni mtu wa mapambo. Harusi, sendofu, kipaimara, siku hizi hata msibani watu wanataka maua. Mara mbili kwa mwaka nakwenda Yiwu, China, kuchukua mzigo: mawaridi ya plastiki, majani ya plastiki, nyasi za plastiki. Safari ya Juni mzigo ukachelewa kiwandani siku nne. Kiwanda sikitaji, tumeshasameheana. Nikaona badala ya kulala hotelini nahesabu feni inavyozunguka, bora nimfuate mtoto wa dada yangu anayesomea usanifu majengo Shanghai. Akaniambia, "Mama mdogo, kila mwaka unakuja China unaishia kuona maghala. Twende Suzhou nikakuonyeshe bustani."

Bustani? Mie ninayeshinda na maua kutwa? Lakini nikaenda.

Treni ya mwendokasi kutoka Shanghai ni kama nusu saa tu, hujamaliza karanga umefika. Tukaanza na ile kubwa kuliko zote mjini, Zhuozheng Yuan, hekta tano na ushei. Kiingilio yuan 70 kwa mwezi Juni, miezi ya watalii wengi ni 80, na tiketi inakatwa mapema kwa namba ya pasipoti. Sio mambo ya kufika mlangoni na noti mkononi.

Sasa sikilizeni. Saa nzima ya kwanza nilichokiona ni migongo ya watu. Viongozi wa watalii na vibendera vyao, watoto wa shule, wasichana waliovaa magauni ya enzi za wafalme wakipigwa picha kila penye kona. Nimevuka madaraja nikitazama kisogo cha aliye mbele yangu. Na maua nilikuwa nayasubiri, vile vitalu vilivyopangwa rangi kwa rangi. Hakuna! Maji, mawe, kuta nyeupe, vibanda vya mbao, miti iliyopinda. Nikamgeukia binti: "Ndiyo hii? Bustani isiyo na maua?"

Akacheka tu. Naendelea baadaye, simu inakata chaji.

Fundi_Bati:

Kwa hiyo umelipa yuan 70 kuangalia migongo. Kariakoo mtaa wa Kongo migongo ni bure.

Kiti_Cha_Mbele:

Naweka kambi hapa. Picha muhimu.

Mama_Mapambo:

Fundi_Bati acha uchokozi, ndiyo kwanza nimeanza.

Tulipata benchi, binti akanipa kisa cha mwenye bustani. Kuna bwana aliitwa Wang Xianchen, mkaguzi wa serikali enzi za ukoo wa Ming. Kazi yake kuwachunguza wakubwa. Mnajua mwisho wa kazi hiyo: akatengenezewa kesi, akawekwa ndani, akashushwa vyeo. Kwa lugha yetu, alitumbuliwa. Akarudi kwao Suzhou, na kuanzia 1509 hivi akaanza kujenga hapo. Jina akalichukua kwenye maandishi ya kale yasemayo kwamba mtu aliyeshindwa mambo ya utawala, kumwagilia bustani na kuuza mboga ndiyo serikali yake. Zhuozheng maana yake ni kama "utawala wa mtu duni".

Yaani jamaa katumbuliwa, anajiita muuza mchicha, halafu muuza mchicha mwenyewe ana hekta tano na ziwa ndani! Kanichekesha sana huyu bwana. Alikuwa na rafiki mchoraji mashuhuri, Wen Zhengming, ambaye mwaka 1533 alimchorea mandhari 31 za hiyo bustani, kila moja na shairi lake. Na inasimuliwa kwamba mzee alipofariki, mwanawe aliicheza kamari ikaondoka kwa usiku mmoja.

Fundi_Bati:

Hapo kwenye kamari ndiyo nimeamini kweli ni stori ya familia.

Mama_Mapambo:

Ngoja nifike kwenye kilichonifanya nifungue uzi.

Saa saba mchana ikaja mvua. Juni kule ni msimu wa mvua za manyunyu yasiyoisha, wanaziita mvua za plamu kwa sababu ndipo plamu zinapoiva. Vibendera vyote vikakimbilia mlangoni. Binti akanivuta mkono tukaingia kwenye kiua kidogo chenye chumba kimoja na madirisha pande zote. Jina la chumba hicho ni Tingyu Xuan, Chumba cha Kusikiliza Mvua.

Nje ya dirisha nikaona nini? Migomba!

Jamani, mie ni Mhaya. Nimezaliwa Muleba, nimekulia kibanjani kwa bibi. Mgomba kwangu ni chakula, ni kivuli, ni sahani, ni kamba, ni mpira wa kuchezea. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuupanda kwa ajili ya masikio. Wenzetu wameupanda pale kwa sababu jani lake pana likipigwa na mvua linatoa mlio mzito, tu-tu-tu, kama ngoma iliyolegea. Pembeni ni mianzi, hiyo inanong'ona. Mbele kuna kidimbwi chenye yungiyungi, majani yake yanadaka matone kwa sauti nyembamba. Juu vigae. Sauti nne za mvua ileile moja, na mtu alikaa akazipanga kama mnavyopanga spika ukumbini.

Nilikaa pale dakika arobaini. Nilikumbuka usiku wa masika kwa bibi, tumejibanza jikoni, mvua inaanzia shamba la jirani, unaisikia inavyokuja mgomba kwa mgomba mpaka ifike kwetu. Sauti hiyo nimeishi nayo miaka kumi na tano, na nimekwenda kuisikia vizuri China.

Halafu binti akaniambia migomba ile haizai ndizi za kula. Ni aina inayovumilia baridi, kitunda chake ni mbegu tupu. Bibi angeing'oa asubuhi yake.

Ishozi_Asilia:

Dada umenitoa machozi hapo kwa mvua kuja mgomba kwa mgomba. Aliyekulia Kagera tu ndiye anajua. Bati zimeharibu kila kitu, siku hizi mvua ikinyesha hata redio husikii.

Fundi_Bati:

Sasa bati zimeingiaje? Tuheshimiane.

Njiwa_wa_Vancouver:

Salaam ndugu zangu. Mimi niko Kanada, na hapa mtaa wa Wachina katikati ya jiji la Vancouver ipo bustani ya aina hiyohiyo, imepewa jina la Dr. Sun Yat-Sen. Ilifunguliwa mwaka 1986. Mafundi waliletwa kutoka Suzhou hasa, na vifaa vyao, mawe yao na vigae vyao, wakajenga kwa mbao za kuchomekana bila kutegemea misumari. Nilikuwa napita nje ya ukuta ule miaka mitatu kwenda kazini bila kujua ndani kuna nini. Ukuta mweupe mtupu. Nilidhani ni makaburi.

Kisa cha bustani yetu kilitokea Novemba 2018. Fisimaji kutoka mtoni aliingia, hakuna anayejua alipitia wapi maana ni katikati ya mji, akaanza kula samaki wa mapambo kwenye bwawa. Samaki wale wa rangi wanaishi miongo mingi, kuna mmoja alikuwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini. Wakatega mitego, yeye anachukua chambo anaondoka. Jiji likagawanyika, wengine upande wa samaki, wengine upande wa fisimaji, vibeji vikachapishwa. Samaki wakubwa walikuwa 14, akala 11, waliobaki wakahamishiwa kwenye hifadhi ya viumbe wa majini. Fisimaji mwenyewe hakukamatwa mpaka leo.

Kiti_Cha_Mbele:

Miaka hamsini unalishwa, unapigwa picha, halafu unaliwa usiku mmoja. Huyo samaki na yule mtoto wa mkaguzi ni hadithi moja.

Mwana_wa_Mkomani:

Mama Mapambo, shikamoo kwa uzi mzuri. Niulize jambo. Huyo aliyesema alidhani ni makaburi kwa sababu ya ukuta mtupu, je, hata Suzhou ukiwa mlangoni huoni ndani?

Mama_Mapambo:

Marahaba. Huoni kitu! Ndiyo jambo lenyewe nililojifunza, na lilinichukua siku mbili.

Mie kazi yangu ni kinyume. Mgeni akifungua mlango wa ukumbi, nataka aone kila kitu kwa mpigo, aseme "waaao!" Hawa wenzetu mlangoni wanakuwekea mwamba au ukuta wa kukukinga macho. Unazunguka, unapata tundu dogo, unaona kona ya paa tu. Unatembea, kuna dirisha lenye nakshi, unaona nusu ya mti. Njia ni za kupinda, hata daraja ambalo lingenyooka wamelikunja mara nne. Huwezi kusimama sehemu yoyote ukasema nimeiona bustani yote.

Asubuhi ya pili tulikwenda Liu Yuan, ya mwaka 1593. Pale unaingilia ushoroba mwembamba wenye giza, unakwenda, unakata kona, unakwenda tena, nikaanza kuuliza kama tumepotea njia ya choo. Ghafla ukuta unaisha na mbele yako kuna bwawa lenye mwanga wote wa dunia. Bwawa si kubwa kivile. Lakini umetoka gizani, kwa hiyo macho yanaliona bahari.

Binti anasema hiyo ni hesabu, wanabana ndipo waachie.

Mwana_wa_Mkomani:

Basi nikwambie, hilo kwetu Lamu si geni. Nyumba ya mawe ya kale unaingia dakani, hapo pana baraza mbili za kukalia wageni wa kupita. Ukivuka mlango unafika tekani, na ukuta umekukabili usoni. Sharti ugeuke ndipo utokee kiwandani, yaani uani, penye jua. Mpita njia hata mlango ukiwa wazi haoni kitu. Kisha kumbi mbili, msana wa tini na msana wa yuu, mpaka ndani kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani) za nakshi, na kila ukisogea unakaribia heshima ya wenye nyumba. Wazee walikuwa wanaficha wake zao na mambo yao. Wachina wanaficha bwawa.

Mama_Mapambo:

"Wachina wanaficha bwawa." Hiyo naiandika ukutani. Binti nimemsomea, kasema atakuja Lamu kupima hizo tekani kwa ajili ya mradi wake wa shule, mwandalie mkate wa mofa.

Mzee_wa_Kumbukumbu:

Vijana, mkiongelea Suzhou na pwani yetu, msisahau hili. Bandari ya Liujiagang ilikoanzia safari za meli za Zheng He, yule amiri wa China, kuanzia 1405, iko Taicang, na Taicang leo ni sehemu ya Suzhou. Meli hizo zilifika pwani hii. Twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415, wakamdhania ni yule mnyama wa heri wa hadithi zao. Kwa hiyo Mama Mapambo hakuwa Mswahili wa kwanza kutembea pande zile, alitanguliwa na twiga.

Fundi_Bati:

Na twiga naye aliona migongo tu, ila kutokea juu.

Mama_Mapambo:

😂😂 Shikamoo mzee.

Sasa niwape habari ya mawe, maana nilishamuona mtu moyoni anauliza "mawe mawe, mawe gani?" Ni mawe ya Ziwa Tai, lipo jirani na mji. Ni chokaa iliyoliwa na maji mpaka ikawa na matundu matundu, pango ndani ya pango. Wanayapenda kuliko maua. Liu Yuan kuna moja limesimama peke yake, urefu mita sita na nusu, wanaliita Kilele Kilichovikwa Wingu. Watu wanaliamkia kama mzee wa ukoo. Jiwe zuri lina sifa nne: liwe jembamba, liwe na makunyanzi, liwe na matundu ya kupitisha maji na nafasi za kupitisha mwanga.

Kiti_Cha_Mbele:

Jembamba, makunyanzi, linavuja. Umemtaja babu yangu mzaa mama.

Pwani_Mchangani:

Mimi niko Unguja. Mawe hayo ukitaka njoo hapa maji yakitoka, ufuo mzima ni majabali ya matumbawe yenye matundu hivyohivyo, yanachana miguu. Kumbe tunakanyaga mali! Kuna mtu anaweza kweli kulipia jiwe?

Mzee_wa_Kumbukumbu:

Kuna mtu alilipia kwa kiti cha enzi. Mfalme Huizong wa ukoo wa Song, mchoraji hodari mwenyewe, alitaka bustani ya mawe katika mji mkuu wake, Kaifeng. Akaunda mtandao wa kusafirisha mawe na mimea adimu kutoka kusini kwa mashua. Jiwe likiwa refu kuliko daraja, daraja linavunjwa. Mtu akiwa na jiwe zuri uani kwake, linapigwa alama ya mfalme na nyumba inabomolewa lipite. Wananchi wakachoka, mwaka 1120 wakaasi kusini chini ya Fang La. Uasi ulizimwa, lakini nguvu ilishapungua, na 1127 Wajurchen kutoka kaskazini wakauteka mji na kumchukua mfalme mateka. Wenyeji wa Suzhou husema hilo jiwe la mita sita na nusu ni mabaki ya mawe ambayo hayakuwahi kusafirishwa.

Pwani_Mchangani:

Subhanallah. Basi haya yetu yaache yachane miguu.

Mama_Mapambo:

Ahsante mzee, hilo la mfalme kutekwa sikulijua. Nyongeza ndogo aliyonipa binti: zamani mafundi wengine walikuwa wanatoboa jiwe kwa patasi halafu wanalizamisha ziwani, analikuta mjukuu wake limeshalainika, hakuna anayejua kama lilitobolewa. Nilicheka kwa sababu ni kazi yangu ile, kufoji maumbile. Tofauti ni kwamba mie natumia gundi na mteja anataka kesho.

Bustani ya mawe hasa ni Shizilin, Kichaka cha Simba, dakika chache kwa miguu kutoka ile kubwa. Aliianzisha mtawa wa Kibudha mwaka 1342. Ni kichuguu cha mawe chenye njia juu, chini na katikati, unamuona mwenzako hatua mbili tu na humfikii kwa robo saa. Wanasema mawe yanafanana na simba. Mie mtoto wa nchi ya Serengeti nilitafuta simba sikumuona, niliona mbuzi wawili na mtu mmoja amechuchumaa. Watoto wanafurahi sana kule, ila mwenye magoti mabaya asijaribu. Niligonga kichwa mara mbili. Sikuipenda, nakiri.

Karne iliyopita ilikuwa mali ya ukoo wa Bei, walikotoka kina I. M. Pei, yule msanifu wa piramidi la kioo la Louvre, Paris. Naye akaja kujenga jumba la makumbusho la Suzhou jirani hapohapo, likafunguliwa 2006. Kuingia ni bure ila uweke nafasi mapema, Jumatatu wanafunga. Ukutani kwake kapanga vipande vya mawe kama milima ya kwenye mchoro. Kwa macho yangu amewashinda wazee wake.

Ishozi_Asilia:

Dada hujasema bustani ipi uliipenda kuliko zote. Na tuambie ukweli, hivyo vitu ni vya kale kweli au ukarabati wa juzi?

Mama_Mapambo:

Ukweli ni mchanganyiko. Nyingi zilipitiwa na vita vya karne ya 19, zikauzwa, zikabomoka. Liu Yuan ilikuwa gofu kabisa, ikafanyiwa ukarabati mwaka 1953. Zhuozheng Yuan nayo haifanani na michoro ya yule rafiki wa mkaguzi, kila mwenye nayo alibadilisha. Upande wake wa magharibi ni wa karne ya 19, ulinunuliwa na mfanyabiashara aliyeitwa Zhang Lüqian. Wenyeji husimulia kwamba ukoo wake ulianzia kwenye biashara ya mapepeo ya mkononi. Akajenga kibanda chenye umbo la pepeo lililokunjuliwa. Dirisha pepeo, meza pepeo, paa pepeo. Jina lake "Nikae na Nani?" Mchuuzi mwenzangu, nilimwelewa mara moja. Ukishapata hela, swali linalobaki ni hilohilo.

Kuna jambo moja la hapo lazima niliseme. Ukisimama upande wa mashariki wa bwawa la kati ukatazama magharibi, juu ya miti unaona mnara wa hekalu, kama umejengwa ndani ya bustani. Kumbe uko nje kabisa, mbali, kwenye hekalu la Beisi, urefu mita 76. Wamepanga miti na maji ili mnara wa jirani uonekane wao. Wanaita kuazima mandhari. Mie nikiazima turubai la jirani kesho yake anakuja kulidai.

Sasa niliyoipenda. Ni Wangshi Yuan, na ndiyo ndogo kuliko zote tulizoingia, kama nusu hekta tu pamoja na nyumba. Jina ni Bwana Nyavu, yaani mvuvi. Tena ni tajiri mwingine anayejifanya mvuvi! Tulifika saa kumi jioni, watu wachache, kiingilio hakikufika yuan 50.

Katikati ni bwawa, na hawakupanda kitu majini, wameacha anga ionekane. Kingo za mawe zimechimbwa kwa chini, maji yanaingia gizani, huoni yanaishia wapi. Kwenye kona kuna daraja la jiwe dogo sana, hatua tatu umevuka. Nikadhani ni la watoto. Binti akasema hapana, simama ng'ambo ulitazame. Nikaenda. Kwa sababu daraja ni dogo, bwawa likawa ziwa.

Kuna kibanda juu ya maji, ndani wametundika kioo kikubwa ukutani. Usiku mwezi ukitoka unauona angani, majini na kwenye kioo. Sisi tulipata mawingu matupu. Nilijiona mwenyewe na mkoba wangu na nywele zilizolowa, binti akapiga picha, hiyo siweki humu.

Tukakaa hapo mpaka wanafunga. Mzee mmoja wa Kichina alikuwa kakaa upande wa pili na chupa yake ya chai, hakupiga picha hata moja. Binti akamuuliza kama anakuja mara nyingi. Akasema anakuja, lakini siku hizi anakaa sehemu moja tu, maana akitaka kukaa kote hatamaliza.

Njiwa_wa_Vancouver:

Hiyo ya Bwana Nyavu ina kiua chake kimoja kilichonakiliwa New York, ndani ya jumba la makumbusho la Metropolitan, kimefunguliwa 1981. Nilikiona bila kujua asili yake. Kiko ndani kwa ndani, ghorofani, mvua haifiki. Baada ya kusoma uzi huu naona wamekinyima kitu kikubwa.

Pwani_Mchangani:

Na zile njia za chini umeziangalia? Nimeona picha mtandaoni zina nakshi za vipande vya vyombo.

Mama_Mapambo:

Niliziangalia sana, nilishasema niliona migongo na miguu. Wanapanga kokoto, vigae na vipande vya bakuli zilizovunjika. Kuna nakshi za popo! Neno lao la popo linatamkwa sawa na neno la baraka, kwa hiyo popo kwao ni heri. Kwetu popo akiingia ndani fagio linatafutwa.

Na bakuli hizo zilinikumbusha makaburi ya kale ya Kunduchi, yale yaliyopachikwa sahani za Kichina. Vipande hivyo vilivuka bahari kuja kumpamba marehemu. Nyingi zimeshabanduliwa, inauma.

Kiti_Cha_Mbele:

Swali la mwisho kwangu: mtu wa biashara kama wewe umerudi na nini kutoka huko, ukiondoa nundu mbili za kichwani?

Mama_Mapambo:

Nilirudi na wazimu. Agosti nilikuwa na harusi ukumbi mmoja Sinza. Nikasema leo naficha. Mlangoni nikaweka ukuta wa kitambaa cheupe wenye tundu la duara, kama ile milango yao ya duara, wanaiita milango ya mwezi. Mgeni akiingia anaona tawi moja na taa moja, anazunguka, ndipo jukwaa linatokea. Maua nikapunguza nusu. Mie mwenyewe nilisimama pale nikaona mambo.

Mwenyekiti wa kamati akafika saa kumi na mbili, akatazama tundu, akanitazama mie. "Mama, maua mengine yako kwenye gari?" Nikamweleza habari ya kubana na kuachia. Akasema kamati ililipia ukumbi mzima na si dirisha. Saa moja kasoro robo tunapandisha mawaridi ya plastiki mbio mbio, ukuta wangu umekunjwa, umewekwa stoo. Bibi harusi ndiye peke yake aliyeuliza siku ya pili, "Lile duara lilikwenda wapi?"

Fundi_Bati:

Haya, na mimi niwe mtu mzuri kidogo. Ishozi_Asilia aliniumiza na bati, lakini ukipanda mgomba karibu na dirisha, ukaweka kibaraza cha makuti upande huo, sauti ya bati inapungua. Nimewafanyia wateja wawili Goba.

Mama_Mapambo:

Fundi, nilishapanda. Nyuma ya dirisha la chumbani kwangu, Mbagala, mgomba wa kwetu kabisa, mche niliutoa Muleba kwa basi, umefungwa kwenye gunia miguuni kwangu njia nzima. Ulichipua majani matatu mapana. Mbuzi wa jirani kala mawili. Vuli bado haijaanza.

Ishozi_Asilia:

Linda hilo moja, dada.

Mama_Mapambo:

Nimeuzungushia wavu. Bwana Nyavu ndiyo mimi sasa.